Angalia plagi kwanza: ukimfundisha mtoto mmoja nyumbani na "haelewi"

Mtaani kwetu kuna fundi wa tv, ukimpelekea tv imezima hagusi bisibisi. Anauliza ulichomeka soketi ipi, ni ile ile ya pasi, waya haujabanwa na mlango, rimoti ina betri. Nusu ya tv zinapona hapo hapo kwenye maswali na yeye anachukua buku mbili yake ya soda. Mi nafundisha watoto majumbani hapa Dar, mtoto mmoja kwa taimu moja, wengi wa miaka mitano mpaka saba, masomo yote nagusa mwenyewe, kusoma, kuandika, kuhesabu, Kiingereza na vijisayansi vya hapa na pale, na kila wiki lazima mzazi mmoja anipigie, mwalimu huyu mtoto haelewi. Sawa, lakini "haelewi" ni sawasawa na "tv haiwaki", hujaniambia kitu bado. Haelewi saa ngapi, akiwa amekaa wapi, akiulizwa vipi, akikosea anakosea nini hasa. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayokutana nayo sana na ninavyoyatafuta, nikianza na plagi.

Kabla hujafungua kitabu

Kwanza, amelala saa ngapi na je anakoroma? Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi anaweza kuwa na nyama za puani, usiku kucha anagombana na hewa, asubuhi anaamka kachoka, mchana ama anakuwa mtundu kupita kiasi ama anasinzia juu ya daftari na wewe unamwita mvivu. Huyo ni wa kwenda kwa daktari, fimbo na tuisheni hazitamsaidia. Pili amekula nini. Chai ya rangi na andazi moja saa moja asubuhi, halafu saa tano unamletea hesabu za kutoa, hapo unaongea na tumbo.

Tatu masikio. Kaa nyuma yake hatua tatu hivi asikuone mdomo, mnong'oneze kitu anachokipenda, mi huwa nasema "pipi" kwa sauti ya chini kabisa. Asipogeuka jaribu siku nyingine, akiwa hana mafua, akikosa tena kapimwe. Nne macho, ziba jicho moja kwa kiganja, mwambie asome namba za kalenda ya ukutani, kisha ziba lingine. Kuna mtoto nilihangaika naye mwezi mzima anaruka mistari, nikambadilishia vitabu, nikamkatia karatasi ya kufunika mistari ya chini, kumbe jicho la kushoto lilikuwa halioni cha maana na la kulia ndo linabeba mzigo wote, na yeye hakuwahi kusema kwa sababu alidhani watu wote wanaona hivyo.

Kuna kingine wazazi wengi hawakijui. Mtoto anaganda katikati ya sentensi, sekunde tano au kumi, macho yametulia sehemu moja, ukimwita hasikii, ukimgusa haitiki, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea na hakumbuki. Ikijirudia mara nyingi usiseme "anawaza michezo", inaweza kuwa aina ya kifafa ambayo haiangushi mtu, na ina dawa. Mrekodi kwa simu umuonyeshe daktari, ni bora kuliko kuelezea.

Na la sita ambalo ni la bure kabisa, zima tv. Nyumba nyingi somo linafanyika sebuleni, dada yuko jikoni na tamthilia ya Kituruki iko hewani "haituangalii, inaongea tu". Nina mwanafunzi alikuwa hajui silabi za "nya" lakini anajua nani kamsaliti nani mpaka kipindi cha jana.

"Nane? ... saba?"

Hili ndo tatizo letu hasa sisi wa mtoto mmoja, kwenye darasa la watoto sitini halipo, kule mwalimu hana muda wa kumkodolea macho mtoto mmoja saa nzima. Hapa uko naye uso kwa uso na mtoto wa miaka sita anasoma nyuso kuliko anavyosoma vitabu. Unamuuliza tano ukiongeza tatu, anasema "saba?" huku anakuangalia, paji lako limekunja kidogo tu, "nane?", umetabasamu, kwisha. Wewe unaweka vema. Kesho unamuuliza ile ile kakosa na unashangaa mbona jana alijua. Jana alikujua wewe.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Siku akipata sahihi, usitabasamu, muulize "una uhakika?" Akibadilisha jibu kutoka nane kwenda tisa basi umepata ugonjwa. Sisi wazazi na walimu tuna tabia mbaya, tunauliza "una uhakika" pale tu mtoto anapokosea, kwa hiyo ameshajifunza kwamba swali hilo maana yake ni badilisha. Uliza "umejuaje?" kwa majibu yote, sahihi na mabovu, kwa sauti ile ile, baada ya siku chache anaacha kukutazama na anaanza kutazama vidole vyake au vizibo vya soda, na hapo ndo hesabu inapoanza.

Badilisha na mkao. Usikae mbele yake kama afisa wa mikopo, kaa ubavuni, wote mtazame karatasi. Jibu liandike nyuma ya kadi ili kadi ndo imwambie kapata au hajapata, wewe nyamaza. Na unapouliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujasaidia. Kumi ni ndefu kuliko unavyofikiri, mi mwanzoni nilikuwa naishia tatu nakuta nimeshasema "haya inaanza na naaa...".

Dawa nyingine ninayoipenda ni kukosea makusudi. Napanga vizibo sita, nahesabu, nasema saba kwa uso mkavu kabisa. Siku ya kwanza mtoto ananyamaza kwa heshima. Siku ya pili anacheka. Siku ya tatu anakufokea "ticha umegusa hiki mara mbili!" na hilo ndo kosa alilokuwa analifanya yeye.

Binamu wa tatizo hili ni lile la "kwa mwalimu anaweza, kwa mama analia". Hapo hakuna ugonjwa, mtoto hajui sasa hivi anaongea na mama au na mwalimu. Mama mmoja alinunua kilemba chekundu, akikifunga ni ticha, akikifungua ni mama, somo lina mwanzo na mwisho. Ikafanya kazi vizuri tu, ila siku moja mtoto katikati ya imla akamwomba avue kilemba kidogo, akavua, mtoto akamwambia mama, ticha wa leo mkali sana.

Anaimba ei, bii, sii mpaka zedi, lakini "baba" haisomi

Hawa wako wengi siku hizi kwa sababu ya katuni za simu. Mzazi anakwambia anajua alfabeti zote tangu ana miaka mitatu, na kweli anaimba bila kukosea. Ukimwekea b na a anasema "bii, ei". Sasa bii na ei ukiziunganisha unapata nini? Unapata "biei", hakuna mtu wa hivyo kwenye familia. Mtoto amepewa majina ya herufi za Kiingereza, sauti zake hajapewa. Ni kama mtu anajua majina ya wachezaji wote wa Simba lakini mpira hajawahi kuuona.

Rudi kwenye a e i o u kwa sauti za Kiswahili, tano tu na hazibadiliki, a ni a popote utakapoikuta. Wiki nzima vokali tu kama haziko sawa. Kisha konsonanti moja, ma me mi mo mu, hapo hapo tengeneza maneno, mama, mimi, ama, usingoje mpaka amalize herufi zote. Silabi nne anazozisoma na kupata neno zina thamani kuliko bango zima la ukutani analolikariri kwa wimbo. Na uwe mjanja, akikariri bango kwa mpangilio wa ba be bi bo bu utadhani anasoma, muulize "bo" peke yake, ukimwona anaanzia "ba be bi" kwa chini chini ujue anaimba.

Akishashika silabi linakuja tatizo la pili ambalo ni dalili nzuri. Anasoma "mtu" kama "mutu", "nchi" kama "inchi", "daktari" kama "dakitari". Watu wanamcheka. Hana kosa, umemfundisha kila konsonanti ina vokali yake, sasa amekutana na m imesimama peke yake anaitafutia mwenza. Mwambie wazi kwamba m na n saa ingine zinajitegemea, pigeni makofi, m-tu makofi mawili, m-bu mawili, n-chi mawili. Hiyo ya "dakitari" iache, itanyooka yenyewe akisoma maneno mengi, mbona hata watu wazima wapo.

"Baba amepika" na picha ni ya dada

b na d. Mzazi anaogopa sana hili, anaenda kusoma mtandaoni anarudi na jina la ugonjwa. Tulia. Kikombe ukikigeuza mkono uwe kushoto au kulia ni kikombe kile kile, mtoto ameishi miaka sita akijua kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa, halafu leo unamwambia kijiti chenye tumbo kikigeukia huku ni b kikigeukia kule ni d. Mpaka miaka saba hivi au nane kuchanganya ni kawaida. Na Kiswahili chetu kimemtega zaidi maana baba na dada ndo maneno ya mwanzo kabisa kumfundisha na tofauti yake ni hiyo tu.

Kosa la sisi walimu ni kuzifundisha pamoja siku moja "ili aone tofauti". Anaona mfanano. Fundisha b mpaka ikae, wiki mbili tatu zipite ndo ulete d. Kwa ambao tayari wamechanganya nina njia moja tu huwa hainiangushi, andika B kubwa kwa chaki, futa tumbo la juu kwa kidole, linabaki b dogo. Halafu andika D kubwa, mwambie ajaribu kupata d humo ndani, haipatikani, imeangalia kwingine. Mtoto akifuta mwenyewe kwa kidole mara kumi anakumbuka kwa kidole.

Wale wa "kura" na "kula" ni habari ya masikio na lugha ya nyumbani, bibi anasema hivyo, baba anasema hivyo, usimsahihishe katikati ya kusoma. Rudia tu sentensi yake vizuri uendelee. Hivyo hivyo kwa "viatu wangu", sema "ee, viatu vyako viko wapi?" basi.

Kiingereza kimeingia, kusoma kumeharibika

Kifupi tu. Anasoma "cake" kama "chake" au "kake", na "one" kama "one" ya kuona. Hajaharibika, anatumia sheria za Kiswahili ambazo ni za kweli, Kiingereza ndo kigeugeu. Usifundishe kusoma lugha mbili kipindi kimoja. Kiswahili kishike kwanza, Kiingereza kiwe cha mdomo, nyimbo, vitu vya jikoni, na kikianza kusomwa kiwe na daftari la rangi nyingine na saa nyingine.

Ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na kumi

Nikisikia "ishirini na kumi" huwa nafurahi, huyo mtoto anafikiri. Kumi na moja, kumi na mbili, mpangilio uko wazi, ishirini na moja, wazi, kwa nini isiwe ishirini na kumi? Tatizo ni kwamba majina ya makumi hayafanani na namba zake. Tatu haionekani ndani ya thelathini, nne haionekani ndani ya arobaini, tano ndani ya hamsini hakuna, kwa sababu haya majina yametoka kwenye Kiarabu wakati tatu, nne na tano ni za Kibantu. Sita na sitini zinafanana, saba na sabini, tisa na tisini, maana hizo zote mbili mbili zimetoka huko huko, halafu katikati unakutana na nane na themanini, kwaheri. Mtoto anayekwenda madrasa mkumbushe anavyohesabu kule, thalatha, arbaa, khamsa, mwonyeshe thelathini, arobaini, hamsini, utaona macho yanavyofunguka. Asiyekwenda madrasa mwambie tu haya ni majina ya kukariri, hayana mantiki ya kuonekana, asijilaumu. Funga vijiti kumi kumi kwa rababendi, mafungu matatu ndo thelathini, ashike mkononi.

Ndugu yake tatizo hili ni mtoto anayeandika ishirini na tano hivi: 205. Kaandika alichosikia, ishirini kwanza, halafu tano. Tengeneza kadi, 20 kwenye kadi ndefu, 5 kwenye kadi fupi, 5 ikae juu ya sifuri. Dakika tano na hutarudia tena.

Wadogo zaidi wana lingine. Umepanga maharage saba, anahesabu vizuri, moja mpaka saba. Unamuuliza "kwa hiyo yako mangapi?" anaanza upya moja, mbili... Huyo kuhesabu kwake ni wimbo na kidole, hajajua kwamba neno la mwisho ndo jibu. Usisonge mbele kwenye kujumlisha hata kidogo. Chukua trei ya mayai, ile ya mayai thelathini, kata safu mbili za matano, una vishimo kumi. Kila harage liingie kwenye shimo lake, hakuna kugusa mara mbili, akimaliza mwulize bila kuhesabu yako mangapi. Akiona safu ya juu imejaa ajue ni tano tayari. Trei moja ya duka la mayai imenifundishia watoto wengi kuliko vile vifaa vya plastiki vya bei mbaya.

Saa inasema saba, wewe unasema moja

Asubuhi mshale mfupi uko kwenye 7 na mama anasema saa moja, amka. Mtoto aliyejifunza namba wiki iliyopita lazima akuone mwongo. Na kwenye Kiingereza hiyo hiyo ni "seven". Usimfundishe kutoa sita, hajafika huko. Nyofoa mshale mrefu kwenye saa mbovu ya ukutani ubaki mfupi peke yake, halafu bandika kijiti kirefu kinachopita katikati, upande mmoja wekundu upande mwingine wa bluu. Wekundu ukiwa kwenye 7, bluu inagusa 1. Wekundu 8, bluu 2. Wekundu ni Kiingereza, bluu ni Kiswahili, ziko mkabala siku zote. Na mwambie sababu, huku kwetu jua linachomoza na kuzama karibu muda ule ule mwaka mzima, kwa hiyo tunahesabu tangu lilipochomoza, likikaa saa moja basi ni saa moja. Mtoto akipewa sababu hasahau.

Mkono unamuuma baada ya mstari mmoja

Angalia miguu kabla ya mkono. Kiti cha watu wazima, miguu inaning'inia, mwili mzima unajishikilia kwenye penseli. Pindua ndoo ndogo akanyage. Penseli ndefu mpe baadaye, kwanza vipande vifupi vya kalarangi, kipande cha vidole viwili hakishikiki vibaya hata akitaka. Nje ya somo akande unga wa chapati, abane vibanio vya nguo kwenye kamba. Wa mkono wa kushoto muache na kushoto kwake, sogeza tu daftari upande huo, na bibi akilalamika msikilize kwa adabu uendelee.

Maharage kwenye pamba yameoza

Sayansi yetu wote tunaanza na hii na wote tunaharibu. Yakinuka na kuwa na utelezi, maji mengi, mbegu inataka pamba yenye unyevu, ikizamishwa inakosa hewa. Yakikauka, kopo liko dirishani kwenye jua la saa saba. Yasipoota kabisa wiki nzima, maharage ya zamani, nunua mengine duka lingine, ila usitumie mbegu za shamba zilizopakwa dawa, mtoto anashika halafu analamba vidole. Yakiota halafu yakafa siku ya nne muulize mwanafunzi wako kwa upole, mara ngapi ameyachimbua kuangalia kama yameota. Weka makopo mawili, moja la kuchimbua.

Ukikosa kila kitu

Hapo ndo nafungua daftari dogo, halina maksi. Tarehe, saa, somo, kosa lenyewe kama alivyolisema, na alikuwa anafanya nini kabla. Wiki mbili au tatu. Nilikuwa na mtoto wa miaka saba, msikivu, Jumatano anajumlisha kama mfanyabiashara, Jumanne hajui hata tatu na mbili. Nikabadilisha vizibo, nikabadilisha meza, nikadhani hanipendi. Daftari likaonyesha ni Jumanne zote tatu mfululizo, na kwenye "kabla" nimeandika anapiga miayo. Nikamuuliza dada, akacheka, baba yake dereva wa lori, Jumatatu usiku ndo anarudi kutoka Tunduma, mtoto hakubali kulala mpaka asikie honi getini, saa ingine saa sita usiku. Tukahamisha hesabu Jumatano. Jumanne tunachora malori na kuhesabu matairi.